Ufugaji wa vyura wadogo wa mshale hapa Dodoma: tuanze na inzi, chura aje mwisho

Mkazi wa Ilazo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Picha za vyura wa mshale, wale wadogo wa Amerika ya Kati na Kusini wenye rangi ya buluu, njano na nyekundu, zimekuwa zikizunguka sana kwenye makundi yetu ya simu, na kila zinapopita huulizwa kama inawezekana kuwafuga hapa Dodoma. Nimeona nianzishe uzi ili jambo hili lijadiliwe kwa kina mahali pamoja. Nilipokuwa masomoni Ujerumani niliwafuga vyura hawa na kuwazalisha, na tangu niliporudi nyumbani nimeweka sebuleni kisanduku cha kioo chenye udongo, mimea na wadudu, ambacho kimeshapita msimu wa mvua na kiangazi bila kukauka. Chura mwenyewe hayumo bado, na sababu yake nitaieleza likifika suala la sheria.

Jibu langu ni kwamba inawezekana, ila wengi wanaoitamani kazi hii huianzia mwisho. Hutafuta chura kwanza, kisha ndipo wanapoanza kuhangaika atakula nini. Chura huyu ana urefu wa sentimita mbili hadi tano tu, hula kitu kilicho hai na kinachotembea, na mdomo wake ni mdogo kiasi kwamba mende wa jikoni ni mkubwa mno kwake. Anataka kula karibu kila siku. Kwa hiyo kazi halisi ya mfugaji ni kuzalisha inzi wadogo wa matunda, wiki baada ya wiki, bila kukatiza. Mtu ambaye hajaweza kuendesha chupa za inzi kwa miezi mitatu au minne mfululizo, ikiwemo miezi ya joto na ya umeme kukatika, asilete chura ndani ya nyumba yake.

Chupa yenyewe haina gharama. Ponda ndizi mbivu, changanya na uji mzito wa unga wa mtama au uwele, tia siki kidogo ili kuzuia ukungu, na mchanganyiko ukishapoa nyunyiza hamira juu yake. Tumia chupa yenye mdomo mpana, tumbukiza karatasi iliyokunjwa ili inzi wapate pa kupanda, kisha funga mdomo kwa kitambaa chepesi na mpira. Kwenye nyuzijoto 25 hivi, inzi wadogo (Drosophila melanogaster) hukamilisha kizazi kwa takriban siku 10 hadi 14. Wale wakubwa zaidi (Drosophila hydei) huchukua karibu wiki tatu. Anzisha chupa mpya kila wiki hata kama za zamani bado zimejaa, kwa maana chupa zote huzeeka kwa pamoja, na siku zinapozeeka ndiyo siku chura anapolala na njaa.

Wafugaji hutumia nasaba za inzi wasio na mbawa au wasioweza kuruka. Hapa ndipo Dodoma ina tatizo lake la pekee, kwa sababu sisi ni watu wa zabibu. Msimu wa mavuno, mwezi wa pili na wa tatu na tena mwezi wa nane na wa tisa, inzi wa matunda wa porini wamejaa kila mahali. Mmoja tu akipenya ndani ya chupa na kupandana na wale wako, watoto watakaozaliwa watakuwa na mbawa zinazofanya kazi, na nasaba hiyo imekwisha. Kitambaa kiwe kizito cha kutosha, na usifungue chupa karibu na kapu la matunda.

Pamoja na inzi, fuga wale wadudu weupe wadogo wa udongo waitwao kolembola, ambao ndio chakula cha chura mchanga na pia husafisha kisanduku kwa kula ukungu. Hawa ni rahisi mno kwetu: weka vipande vya mkaa kwenye chombo chenye mfuniko, mimina maji kidogo chini, na uwape punje chache za mchele au chembe za hamira. Wa kwanza nimewatoa chini ya majani yanayooza kwenye bustani yangu.

Kuhusu hali ya hewa, watu wanaogopa ukavu wa Dodoma, lakini kioo kilichofungwa vizuri hutunza unyevu hata kama nje upepo wa mwezi wa tisa unapeperusha vumbi. Adui ni joto. Vyura hawa hustawi kwenye nyuzijoto 22 hadi 26, na ikipita 30 wanaweza kufa ndani ya saa chache. Mji wetu uko juu kidogo ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hivyo joto la usiku si tatizo, na mwezi wa sita na wa saba kuna baridi ya kutosha hata kuwazidi. Lakini mchana wa mwezi wa kumi na wa kumi na moja, chini ya bati lisilo na dari, chumba huwa tanuri, na kisanduku chenye taa juu yake huzidi chumba kwa nyuzi kadhaa. Mimi huwasha taa alfajiri na kuzizima kabla ya saa sita mchana, kisanduku kimekaa sakafuni upande wa nyumba usiopigwa na jua la jioni, na kipimajoto kimo ndani, kwenye kimo cha majani.

Karibuni kwa maswali na michango.

Mwana wa Hombolo

Mkuu, shukrani kwa uzi ulioshiba. Swali langu ni la usalama. Nimesikia kwamba chura huyu akiguswa tu mtu anakufa, nami nina watoto wadogo nyumbani. Hilo ni kweli kiasi gani?

Mkazi wa Ilazo

Ndugu yangu, lina ukweli wake, lakini linahitaji kuelezwa kwa mipaka. Familia ya vyura hawa, Dendrobatidae, ina takriban spishi 200, zote za Amerika ya Kati na Kusini, na nyingi hazina sumu ya kumtisha mtu mzima. Anayetisha ni Phyllobates terribilis wa pwani ya Pasifiki ya Kolombia, aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1978. Waembera wa huko wamekuwa wakisugua ncha za mishale yao ya kupuliza kwenye mgongo wake, na mwindaji hana haja ya kumuua chura ili kupata sumu hiyo. Chura mmoja wa porini anaweza kubeba sumu ya kutosha kuua watu kadhaa.

Hata hivyo, sumu hiyo chura haitengenezi mwenyewe. Anaipata kwa kula sisimizi, utitiri na mbawakawa fulani wa msituni kwao, kisha anaihifadhi kwenye ngozi. Aliyezaliwa na kulelewa kwenye kisanduku, akala inzi wa ndizi maisha yake yote, hana sumu kabisa. Aliyekamatwa porini anaweza kubaki nayo kwa miaka, na hiyo ni moja ya sababu za kukataa mnyama wa porini hata ukipewa bure. Kwa watoto wako, hatari ni kwa upande wa chura: ngozi yake hufyonza chumvi, sabuni na mafuta ya kujipaka kutoka mikononi, kwa hiyo asishikwe na mtu yeyote bila sababu.

Mama Zabibu

Wakuu, naomba niongeze jambo kutoka shambani, kwa kuwa nalima zabibu upande wa Mpunguzi. Mwanzisha uzi ametaja inzi wa zabibu, na kuna mtu atapata wazo la kulisha inzi wake kwa maganda na zabibu zilizopondeka. Tafadhali msifanye hivyo kama hamjui shamba lilikotoka tunda. Sisi hupuliza salfa na dawa nyingine za ukungu mara nyingi ndani ya msimu mmoja, na tunda lililokataliwa sokoni huenda ndilo lililopuliziwa juzi.

Nami nina swali. Maji ya visima vyetu yana chumvi, sufuria inabaki na ukoko mweupe. Chura huyu atayaweza?

Mkazi wa Ilazo

Dada, umesema jambo ambalo nilipaswa kulianza mimi, na naliongezea la nyumbani. Dawa ya mbu ya kupulizia inaweza kuua inzi, kolembola na chura kwa pamoja, hata ikipulizwa chumba cha pili. Pia mtu asikate chandarua cha zamani kutengeneza wavu wa kisanduku au wa kutenganisha kokoto na udongo, kwa sababu vyandarua vyetu vingi vina kiuatilifu ndani ya nyuzi zake. Tumia wavu wa madirisha ulionunuliwa dukani, uuoshe kwanza.

Maji ya kisima hayafai. Chura hanywi kwa mdomo. Maji huingia kupitia ngozi ya tumbo, kwa hiyo chochote kilichomo ndani ya maji kimo ndani yake. Zaidi ya hapo, ukoko huo mweupe utaziba kinyunyizio na kufunika kioo na majani. Nakinga mvua kuanzia mwezi wa kumi na mbili, lakini nayaacha maji ya mvua za mwanzo yaoshe paa, na sikingi kwenye bati jipya kwa sababu zinki yake huyeyuka ndani ya maji na viluwiluwi hawaivumilii. Kisanduku kilichofungwa hutumia maji machache mno, hivyo madumu machache yanafika mwezi wa tano na kuendelea. Asiyekuwa nayo atumie maji yaliyochujwa hadi madini yakatoka.

Kijana wa Bahi

Wakubwa zangu, shikamooni. Kwetu Bahi mvua zikianza anatokea chura mweusi mwenye mistari myekundu mgongoni, anatembea badala ya kuruka. Je, huyu si ndugu yao? Kama ndiye, kwa nini tuagize wa mbali?

Mkazi wa Ilazo

Marahaba, kijana wetu. Kwa maelezo yako, huyo bila shaka ni Phrynomantis bifasciatus, mkazi wa nyika kavu za mashariki na kusini mwa Afrika, na hana udugu wa karibu na hawa tunaowajadili. Hula sisimizi na mchwa, na kiangazi chote hujificha ardhini au ndani ya vichuguu. Rangi zake nazo ni onyo: ngozi yake hutoa ute unaowasha, unaoweza kumdhuru mtu mwenye jeraha mkononi, na ukimweka chombo kimoja na vyura wengine anaweza kuwaua. Mwangalie hapo hapo bwawani mvua ya kwanza ikinyesha, usiku, kwa tochi. Ni chura wa kupendeza na sauti yake inasikika mbali, na hana sababu ya kuhamia chumbani kwa mtu.

Mzee wa Mpwapwa

Nimewasoma kwa makini. Mnahangaika na joto la bati ilhali wazee wetu walilimaliza. Nyumba ya tembe, yenye paa la udongo na kuta nene, mchana wa mwezi wa kumi na moja ina ubaridi ambao nyumba za sasa hazina. Mimi bado ninayo moja nyuma ya nyumba kubwa, tunahifadhia mtama na karanga.

Mkazi wa Ilazo

Mzee wangu, shikamoo. Hilo ndilo jibu bora kuliko feni na vipande vya barafu vyote. Udongo mnene huchelewesha joto la mchana hadi usiku, na kinachomuua chura ni kile kilele cha saa nane hadi kumi alasiri. Ningeomba tu uweke kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, ukiache humo ndani mwezi wa kumi na mwezi wa saba, kisha utuletee matokeo. Na chumba cha kuhifadhia nafaka kisiwe kimetiwa dawa ya wadudu wa ghala.

Mtumishi Mstaafu

Mwanzisha uzi, umesema kisanduku hakina chura na ukaahidi kueleza. Tunaomba tusikie upande wa sheria, kwa sababu humu wamo vijana ambao watatafuta njia za panya.

Mkazi wa Ilazo

Umeuliza mahali penyewe, mzee. Vyura wa jenasi kuu za familia hii, zikiwemo Dendrobates, Phyllobates, Oophaga na Ranitomeya, wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na walianza kuingizwa humo mwaka 1987. Maana yake ni kwamba kumvusha mpaka kunahitaji kibali cha nchi anakotoka, na kwa upande wetu kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 pamoja na taratibu za afya ya mifugo. Sijakamilisha vibali hivyo, na mpaka nitakapovikamilisha kisanduku changu kitaendelea kuwa cha mimea na wadudu. Anayekwambia atakuletea chura ndani ya kopo la plastiki kwenye begi la nguo anakuuzia kosa la jinai, na mara nyingi anakuuzia pia maiti.

Lakini mimi sheria hii naiheshimu kwa sababu iliyo karibu zaidi na nyumbani. Wote tunamjua chura wa Kihansi, ambaye dunia nzima alikuwa na makao mamoja tu, pale kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi milimani Udzungwa. Aligunduliwa mwaka 1996. Mwaka 2000 maji yalianza kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, na mwishoni mwa mwaka huo vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kulelewa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Vinyunyizio vya kutengenezwa viliwekwa bondeni na idadi ikaanza kupanda, kisha mwaka 2003 ikaporomoka ghafla, na miongoni mwa yaliyobainika pale ni ukungu wa ngozi uitwao kitridi. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliorudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na waliorudishwa bondeni kuanzia mwaka 2012, ni uzao wa wale waliolelewa kwenye visanduku vya kioo na watu waliokuwa wanajua kufuga inzi na kolembola.

Kitridi husafiri kwa maji na udongo wenye unyevu. Kwa hiyo mfugaji wa hapa Dodoma, hata kama hajawahi kufika mlimani, maji machafu ya kisanduku chake asiyamwage mtaroni kabla ya kuyatia dawa ya klorini, mimea na udongo wa zamani auchome au aukaushe juani kabisa, na chura mgeni akae peke yake kwenye chombo kilichotandikwa karatasi yenye unyevu, apimwe, kabla ya kuingia kisandukuni. Milima ya Ukaguru na Rubeho haiko mbali nasi. Huko Ukaguru yuko Churamiti maridadi, chura wa mitini aliyetambulishwa mwaka 2002, na hajapata kuonekana mahali pengine.

Mama Zabibu

Hapo umenigusa. Sasa tueleze uzazi, maana mwanzoni ulisema uliwazalisha pia. Mtu mwenye vibali aanze na spishi ipi, na viluwiluwi wanalelewaje?

Mkazi wa Ilazo

Kwa mazingira yetu ningeanza na Dendrobates leucomelas, mweusi mwenye mikanda ya njano, wa Venezuela na nchi jirani. Kwao kuna msimu wa kiangazi, na huvumilia mabadiliko kuliko wenzake. Wa pili ni Dendrobates auratus, wa kijani na nyeusi, ambaye mwaka 1932 alipelekwa Hawaii ili ale mbu na hadi leo anaishi huko porini. Hilo pia litukumbushe kutomwachia chura yeyote bustanini. Oophaga pumilio aachwe kwa wazoefu, kwani mama yake huwalisha viluwiluwi kwa mayai yasiyorutubishwa, na mfugaji hawezi kuchukua nafasi yake.

Kwa leucomelas na auratus, dume huita, jike humfuata, na mayai machache hutagwa juu ya jani laini au kisahani kilichofichwa chini ya kifuu cha nazi. Yai ni kitone cheusi ndani ya ute mwangavu. Baada ya siku chache kitone hurefuka na kujikunja, na ukitazama kwa kioo cha kukuza utaona matamvua yenye vinyuzi yakipitisha damu. Dume hurudi kuyalowesha. Baada ya wiki mbili hivi kiluwiluwi hupanda mgongoni mwake, naye humbeba kwenda kumtafutia maji, kwenye kikonyo cha jani au shimo la mti. Niliwahi kumtazama dume mmoja akizunguka kisanduku kizima na mtoto mgongoni, akiingia kila kidimbwi na kutoka, kabla ya kuridhika na kimoja.

Ukiamua kuwalea mwenyewe, kila kiluwiluwi awe na kikombe chake, kwa kuwa hawa hulana. Ndani ya maji tia kipande cha jani kavu la mkungu, ule mti wa kivuli tuliouona Dar na Tanga, kwani rangi yake ya chai hupunguza ukungu na bakteria. Lishe ni unga wa mwani na chakula cha samaki, kiasi cha kuishia siku hiyo hiyo. Miguu ya nyuma hutangulia, ya mbele hutokea ghafla, na hapo punguza maji na uinamishe kikombe ili apate pa kupandia, asije akazama. Tangu kuanguliwa hadi kutoka majini ni kati ya miezi miwili na mitatu.

Kijana wa Bahi

Mkuu, nimesoma mahali kwamba wengine hutoka majini wakiwa na mikono iliyosinyaa isiyoweza kuwabeba. Hilo linasababishwa na nini, na kuna tiba?

Mkazi wa Ilazo

Tiba hakuna, kijana. Chura wa namna hiyo hawezi kuwinda, na huruma ni kumpumzisha mapema. Sababu zinazotajwa ni kadhaa, lakini inayorudi mara kwa mara ni lishe ya wazazi, hasa upungufu wa vitamini A na madini ya chokaa. Inzi wa ndizi peke yake hana virutubisho vya kutosha. Ndiyo maana kabla ya kulisha unawatia inzi ndani ya kikombe chenye unga laini wa kalisiamu na vitamini D3, unakitikisa taratibu mpaka wawe weupe, ndipo unawamwaga. Utaona chura anainama, anakaza macho, na kidole kirefu cha mguu wa nyuma kinatetemeka haraka haraka kabla ulimi haujatoka. Vitamini A, ile iliyo tayari kwa mwili na isiyo ya karoti, hutolewa mara chache zaidi, kwa sababu ikizidi nayo hudhuru.

Unga huo huharibika kwa joto na hewa. Kopo likishafunguliwa lihifadhiwe kwenye jokofu, liandikwe tarehe kwa kalamu, na baada ya miezi sita litupwe hata kama limebaki nusu.